Kabla ya Kuweka Kitanzi, Nani Yuko Chumbani?

Kuweka kitanzi, kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, huchukua dakika chache tu, na pengine ndiyo sababu maandalizi ya dharura huonekana kuwa urasimu wa hospitali kubwa za Kampala, wala si kazi ya kituo cha afya cha daraja la tatu kule Busia au Arua. Sikubaliani na mtazamo huo.

Mkunga anaposhika mlango wa kizazi kwa koleo na kuuvuta, neva ya vagasi, ile inayopunguza mwendo wa moyo, inaweza kusisimka, mapigo ya moyo yakashuka ghafla na mama akazirai. Wengi huzinduka wakiinuliwa miguu, ilmradi shughuli imesitishwa mara moja. Wachache mapigo yao hubaki chini, nao huhitaji atropini, dawa ya kuyapandisha, kupitia mshipani, miligramu 0.5 hadi 0.6. Dawa hiyo si ngeni kwetu, maana ndiyo hutumika kwa waliodhurika na baadhi ya sumu za kuulia wadudu. Lakini ikiwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amekwenda kula, ni sawa na kutokuwapo.

Hata ikiwa mezani, mtu wa pili anahitajika. Miongozo ya Uingereza hutaka awepo msaidizi aliyefunzwa, wakati kwetu mkunga mmoja aghalabu hubeba uzazi wa mpango, kliniki ya wajawazito na leba kwa pamoja. Nani ahesabu mapigo, nani avute dawa kwenye sindano? Kituo kisicho na msaidizi wa kila siku, kwa maoni yangu, kitenge siku maalumu ya vitanzi, na anayesubiri apewe njia nyingine kwa muda. Isipokuwa anayehitaji kitanzi cha shaba kama kinga ya dharura: huyo ana siku 5 tu tangu kujamiiana, na kumwambia arudi wiki ijayo ni kumfukuza.

Kutoboka kwa mfuko wa uzazi ni nadra, kama 1 hadi 2 kwa kila 1,000, ila hatari huongezeka kwa anayenyonyesha, na wateja wetu wengi ndio hao. Kwa hiyo kina cha mfuko kipimwe kila mara, na mama asiondoke bila kuelezwa kwamba maumivu makali, homa au nyuzi za kitanzi zisizopapasika ni sababu ya kurudi upesi. Kuhusu rufaa, mkunga ajue kabla ya kuvaa glavu kama ambulensi ya kituo cha daraja la nne ina mafuta.