Mlima wenye lifti moja

Niliposema kazini kwetu Asahikawa, jiji la Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kwamba msimu huu nataka kujifunza ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, karibu kila mtu alinitajia Niseko, mahali maarufu pa ski. Huko tiketi ya siku moja ya milima yote inapita yeni 10,000, na foleni za lifti, viti vya kebo vinavyokupandisha mlimani, zimejaa wageni kama mimi. Mama mmoja tunayefanya naye kazi hakusema kitu. Kesho yake akaja na ski na viatu vya mumewe vimefungwa kwa kamba, akaniambia niende Shimokawa.

Shimokawa ni mji wa watu kama elfu tatu, kaskazini mwa Hokkaido. Reli iliyokuwa ikipita pale ilifungwa mwaka 1989, kwa hiyo unapanda treni hadi Nayoro, kisha basi. Asubuhi niliyofika ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi inayogandisha unyevu wa puani. Upepo kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ukachota mvuke, ukaja kuumwaga juu ya milima hii kama theluji. Na kwa kuwa ndani ya nchi kuna baridi kali, theluji yenyewe ni kavu, nyepesi kama unga wa sembe. Ukijaribu kuifinyanga haishikani.

Kiwanja ni cha mji wenyewe. Mteremko mmoja mpana, lifti moja, chumba cha kupumzikia chenye jiko la moto na glavu za watoto zimeanikwa pembeni. Mara ya kwanza kushuka kwenye kiti nilianguka, na lifti ikabidi isimamishwe. Mara ya pili mzee anayeiendesha aliniona tangu mbali, akaipunguza mwendo, akanyoosha mkono kunielekeza pa kukanyagia. Mara ya tatu aliipunguza tena. Hakuwa na haja ya kuniuliza natoka wapi wala najua nini, alikwisha kunikariri. Nimeshukuru watu wengi katika nchi hii, lakini yule mzee namkumbuka kuliko wengi.

Pembeni mwa mteremko ndiko kuna jambo lililonifanya nikae hadi taa zikawashwa. Kuna minara ya kurukia, ambako mtu huteleza kwa ski kisha akaruka hewani kwenda mbali, imepangwa kwa ukubwa kama ndugu wa tumbo moja: mdogo kabisa ni wa watoto wanaoanza, mkubwa ni wa mita 65, yaani umbali wa kuruka, si urefu wa mnara. Hapa ndipo alipoanzia Kasai Noriaki, aliyeshiriki Olimpiki nane na kupata medali ya fedha Sochi mwaka 2014 akiwa na miaka 41. Ito Daiki, aliyekuwa naye kwenye timu iliyopata shaba huko huko Sochi, ni wa Shimokawa. Ito Yuki, bingwa wa dunia kwa upande wa timu mchanganyiko, wa Shimokawa. Okabe Takanobu pia.

Huyo Okabe ndiye anayenipa hoja yangu. Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, timu ya Japani ya kuruka kwa ski ilichukua dhahabu katikati ya theluji nzito huko Hakuba. Walikuwa wanne. Okabe alitoka Shimokawa, Harada Masahiko alitoka Kamikawa, Saito Hiroya na Funaki Kazuyoshi walitoka Yoichi. Miji mitatu midogo, yote ya Hokkaido. Hakuna hata mmoja aliyetoka jiji kubwa. Mtoto wa huko alitoka shule, akala, akaenda mlimani kwa miguu, akaruka mpaka giza. Sisi tunaotoka Kenya, nchi ya Iten, mji mdogo unaozaa wakimbiaji, tunalielewa hili bila kuelezwa.

Na katika michezo hiyo hiyo ya Nagano alikuwepo Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho mbio za ski za kilomita 10, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit alikuwa na mapafu na miguu. Theluji ya kujifunzia ilibidi aifuate Ufini, akiwa tayari mtu mzima. Kila nikifikiria pengo lile, naona thamani ya mlima ulio nyuma ya nyumba za watu.

Milima ya namna hii inafungwa mmoja baada ya mwingine. Japani ilikuwa na watelezaji wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo idadi imeporomoka. Watoto ni wachache, vijana wamehamia mijini, lifti zimezeeka. Huko Yubari, mji wa zamani wa makaa ya mawe uliofilisika, kiwanja kilifungwa mwaka 2020, ingawa baadaye kilifunguliwa tena. Najua wanachosema wanaobana matumizi: wazee wanahitaji hospitali, barabara zinahitaji kusafishwa theluji, na tiketi za lifti moja hazilipi umeme wake. Hesabu yao si ya uongo. Lakini katika sehemu kubwa ya Hokkaido, ski ni somo la shuleni, hufundishwa kwenye kipindi cha mazoezi ya viungo. Hakuna anayeuliza darasa la hisabati limeingiza faida kiasi gani. Mji ukifunga mlima wake, watoto watapandishwa basi kwenda mlima wa mbali mara mbili au tatu kwa mwaka, na kuruka baada ya shule kutakwisha kabisa. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba serikali ya mkoa na ya taifa zichangie lifti hizi kama zinavyochangia madarasa, na sisi wageni tuzipelekee hela zetu badala ya kurundikana Niseko.

Jioni ile msichana mdogo, labda wa darasa la pili, alikuwa amekaa juu ya mnara ule mdogo, kofia ngumu kichwani, haendi. Mwalimu alisimama chini kimya. Watoto waliokuwa nyuma yake wakangoja, hakuna aliyemharakisha. Zikapita dakika nzima. Kisha akaachia, akaruka, akatua, akateleza hadi karibu na miguu yangu, akainama kunisalimu, akabeba ski zake begani na kuanza kupanda ngazi upya.