Mmea mnyonyaji: tuung'oe au tuuache?

Mkulima akiona maua ya zambarau ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, katikati ya mtama, anaona ghala tupu. Mwanaikolojia akiona kichaka cha mistleto kimejishika juu ya tawi, anaona ndege watakaokuja kula na kujenga viota. Wa kwanza anasema ng'oa, wa pili anasema acha, na kila mmoja humwona mwenzake haelewi mambo. Ukweli ni kwamba wote wanazungumzia mimea yenye tabia moja: kupenya mwili wa mmea mwingine kwa kiungo kiitwacho haustoria, kisha kufyonza maji, madini na, kwa baadhi yake, hata sukari. Mimea ya namna hii ni zaidi ya spishi 4,000, karibu asilimia 1 ya mimea yote itoayo maua, na tabia hiyo ilizuka mara kama 12 katika koo tofauti.

Mashtaka ya mkulima ni mazito. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi. Mche mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni hata zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinaamka zikihisi strigolaktoni, kundi la kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya nafaka, na baada ya hapo kijimzizi kina siku chache tu za kumfikia mwenyeji, yaani mmea wa kunyonywa, kabla ya akiba kuisha. Madhara makubwa hutokea chini ya ardhi, kiduha kikiwa bado hakijachomoza. Tena nafaka hudumaa kuliko inavyotarajiwa kwa kiasi kilichofyonzwa, kwa sababu hata usanisinuru wake huvurugika. Ukiona ua, jembe limechelewa.

Lakini kwa nini mtama umwite adui yake? Swali hili lilisumbua kwa miongo. Kemikali ya kwanza ya kundi hilo ilitangazwa mwaka 1966, nayo ilitoka kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiushambulii kabisa! Jibu lilipatikana mwaka 2005: strigolaktoni huwaita kuvu rafiki wanaoishi mizizini na kuletea mmea fosforasi. Mwaka 2008 ikabainika pia kuwa ni homoni inayozuia shina kutoa matawi mengi. Kumbe mtama haukumwita adui. Ulikuwa ukiita msaada, na kiduha kikadukiza.

Naona hapa ndipo kiini cha mjadala kilipo, na wasemao "ng'oa" hawapendi kukaa hapo sana. Mmea wenye njaa ya fosforasi hupaza sauti zaidi, yaani hutoa strigolaktoni nyingi. Udongo uliochoka basi ndio unaoamsha kiduha. Kung'oa peke yake ni kufukuza mgeni huku unaendelea kumwita karibu. Wala huwezi kuuziba mdomo mtama kabisa, maana utawakosa kuvu pia. Mtafiti wa mtama Gebisa Ejeta, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alikuza mtama unaostahimili kiduha, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba baadhi ya aina stahimilivu hubadilisha umbo la kemikali hiyo badala ya kuacha kuitoa. Mbegu za kiduha hazishtuki sana kwa umbo hilo jipya.

Upande wa utetezi una ushahidi wake, na si wa hisia tu. Nchini Australia, mwanaikolojia David Watson na mwenzake waliondoa mistleto katika vipande vya misitu, wakaacha vingine kama vilivyo, kisha wakahesabu ndege. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa ndani ya miaka 3 misitu iliyosafishwa ilipoteza zaidi ya robo ya spishi za ndege wakazi wake. Cha ajabu, walioumia sana ni walaji wa wadudu, si wala matunda. Mistleto hudondosha majani bila kuyakamua virutubisho kwanza, kwa hiyo sakafu ya msitu hunona na wadudu huzaliana. Barani Ulaya nako mmea mnyonyaji uitwao Rhinanthus hupandwa makusudi malishoni: huzidhoofisha nyasi zenye nguvu, na maua ya porini hupata nafasi.

Hata hivyo, watetezi huvuta kamba mno wanapotaka mifano hii ifunike kila kimelea. Mistleto inahitaji mti uishi miaka mingi. Mti ukifa, nayo imekwisha. Kiduha kinahitaji msimu mmoja tu, na mbegu zake zikishadondoka hali ya mwenyeji haikihusu tena. Zaidi ya hayo, porini kiduha kimeishi na nyasi za savana muda mrefu bila kuziangamiza. Shamba lenye zao moja, mwaka baada ya mwaka, ndilo lililokitandikia mkeka.

Wakati mwingine mmea uleule hufanya yote mawili. Mlangamia wa jenasi Cuscuta, ule uliofanana na nyuzi za manjano, hupeleka ndani ya mwenyeji vipande vidogo vya RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, vinavyozima baadhi ya jeni zake. Mlangamia huohuo ukiunganisha mimea miwili, mmoja ukitafunwa na wadudu, ishara ya hatari hupita kwenye nyuzi hizo na wa pili hujiandaa. Virusi navyo hupita njia hiyohiyo.

Na kuna msandali, mti ambao mbao zake zenye harufu zimesakwa kwa karne nyingi. Nao ni mnyonyaji wa mizizi. Wanaouotesha hupanda kando yake mimea mingine ili ipate kunyonywa, na sijasikia yeyote akiuita gugu.