Mbuzi wa "Eventually"

Wakwe wa dada yangu walikuwa njiani kutoka Kampala kuleta mahari, na sisi hapa Goma, mtaa wa Katindo, mbuzi tulishamfunga nyuma ya nyumba. Saa tisa alasiri ujumbe ukaingia: gari limewaharibikia, ila "we shall eventually arrive."

Kiingereza kwetu ni cha kubahatisha. Simu ikapelekwa kwa baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mtu anayesahihisha hata matangazo ya msiba. Akavaa miwani, akasoma, akaguna.

"Éventuellement! Wanasema labda watafika, labda hapana. Hapo tumeshakataliwa kwa adabu."

Dada akajifungia chumbani kulia. Mama, ambaye hasira yake huanzia kwenye pochi, akaniamuru nimrudishe mbuzi upesi kabla aliyetuuzia hajazila pesa. Nikampakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nikamshika pembe njia nzima, naye akaninyea suruali ya sherehe.

Saa mbili usiku tuko kwenye ugali na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, mimi na kaptura ya kulalia, mlango ukagongwa. Kanzu zilizovaliwa makoti juu, magauni ya Kiganda, gomesi, yanayong'aa, vikapu vichwani. Ukoo mzima.

Bwana harusi ndiye aliyetufungua macho: kwa Kiingereza neno hilo ni "hatimaye", hakuna cha labda. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kilatini, eventus, yaani tokeo. Mfaransa akabaki na linaloweza kutokea, Mwingereza akaenda na linalotokea mwishoni, na hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ililieleza hivyo hivyo. Baba mdogo hakukubali. Akaenda kuchukua kamusi yake ya Kifaransa, ile yenye jalada lililoshikiliwa na plasta, akawasomea wageni ukurasa mzima wakiwa bado wamesimama na vikapu.

Walipokaa, shangazi wa bwana harusi, senga mwenyewe, mwanamke wa mwili na sauti, akaiangalia sahani ya sambaza kwa muda. Akamgeukia baba mdogo, akamuuliza kwa Kiingereza kama nyama itakuwepo.

Baba mdogo akatabasamu kwa heshima zote. "Eventually."

Senga akashukuru, akaisukuma sahani pembeni, akakunja mikono, akaanza kungoja.