Ati Nina Zilizokufa?

Jumamosi alasiri, nikiwa nimejifunga msuli na kufuta vumbi kwenye santuri kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine wa nyumba hii anayeruhusiwa kukigusa, kijana mmoja mwenye futi kamba shingoni alibisha hodi, akaniamkia kwa adabu zote, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa amekwishapima upana wa santuri iliyokuwa mkononi mwangu na kuandika kwenye simu yake: sentimita 30.

"Mzee wangu, nimeelekezwa kwako. Nahitaji sahani nyeusi 40."

Sahani! Miaka yote hii ninakula ugali kwa dagaa ili nipate kuagizia sindano ya gramafoni, kumbe mtaani ninajulikana kama muuza vyombo.

Alieleza kwa utaratibu kwamba yeye ni mpambaji wa kumbi, kwamba kuna sendofu ya binti wa watu wenye uwezo, na kwamba binti huyo anataka ukuta wa nyuma ya meza kuu uonekane wa kizamani. Santuri zingebandikwa kwa gundi ya moto, zingebanduliwa Jumatatu, na kama zingebaki na gundi kidogo, basi kuna mafuta ya taa. Nilimjibu kwa sauti ile ninayoitumia kwenye vikao vya ukoo, kwamba hizi si sahani bali ni kazi za watu, na kwamba zote zina uhai. Akaniuliza kama ninazo zilizokufa.

"Analipa ngapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama watoto kutoka jikoni.

Alikuwa analipa 3,000 kwa kila moja. Nikasikia mwiko umesimama ndani ya sufuria. Mwanamume aliyekaa katika ndoa muda mrefu anaufahamu ukimya wa namna hiyo: ni ukimya wa 3,000 mara 40.

Hapo ningemsindikiza kijana hadi getini na mambo yangeishia hapo, lakini nina udhaifu wa kupenda kuelimisha. Nilimketisha, nikamtolea santuri ya Herbie Hancock ya mwaka 1971, ili aone mwenyewe kwamba vitu hivi vinatuhusu. Akalitazama jalada, akasoma kwa sauti: "Mwandishi." Kisha akauliza kama ni hotuba. Nilimweleza kwamba Hancock ni mpiga piano wa Marekani, kwamba wakati ule yeye na wenzake walitumia majina ya Kiswahili, na kwamba Mwandishi ndiye yeye mwenyewe. Mpiga besi, Buster Williams, alikuwa Mchezaji. Mpiga ngoma, Billy Hart, alikuwa Jabali. Mpiga tarumbeta, Eddie Henderson, aliitwa Mganga, na jina hilo lilimkaa kwelikweli kwa kuwa alisomea udaktari wa binadamu. Mpiga tromboni, Julian Priester, aliitwa Pepo Mtoto.

"Nani ametaja pepo humo ndani?"

"Ni mpiga tromboni, mama."

"Hata kama."

Kwa maoni yangu, kundi lile ndilo kilele cha Hancock, na wale wanaoanzia kwenye Head Hunters ya mwaka 1973 kwa sababu inawachezesha mabega nawaonea huruma, ingawa mabega yangu nayo yamewahi kunisaliti. Sikuishia hapo. Nilimtolea Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano mwingine wa Marekani, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, ambamo Mtanganyika mmoja, Tuntemeke Sanga, anasikika akitamka Kiswahili safi juu ya ngoma, mashairi yakiwa ya Langston Hughes. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Kijana alisikiliza maelezo yote, akatikisa kichwa kwa heshima, halafu akauliza kama hiyo nayo ni sentimita 30.

Halafu akanigusa kwenye kidonda. "Lakini jazi naifahamu, mzee. Babu yangu alikuwa shabiki wa Morogoro Jazz."

Nani atanisaidia katika jambo hili? Zamani kila bendi yenye magitaa na tarumbeta mbili ilijiita Jazz, hata kama ilipiga muziki wa dansi: kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Nuta Jazz, na kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, kulikuwa na OK Jazz ya Franco tangu mwaka 1956. Santuri za Mbaraka Mwinshehe ninazo na sitaki kusikia mtu akimtia kasoro. Hata hivyo, ukimwambia Mtanzania kwamba unasikiliza jazi, anavua koti ili acheze. Shemeji yangu alikuja siku ya Idi, nikamwekea A Love Supreme ya John Coltrane, kazi ya mwaka 1964 ambayo mimi huisikiliza nikiwa nimeoga, naye alikaa nusu saa nzima akisubiri kiitikio, mwishoni akaniuliza kwa upole kama hawa bado walikuwa wanajaribisha vyombo.

Pamoja na hayo yote, nilimwekea kijana Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Amplifaya yangu nimeiunga kwenye betri ya sola, gramafoni yenyewe inatumia umeme wa ukutani, na siku hiyo niliongeza sauti kupita kawaida kwa ajili ya mgeni. Besi ya Paul Chambers na piano ya Bill Evans zikaanza kunong'onezana. Kijana akauliza wimbo unaanza lini. Nilimwambia ndio huo umeanza, tena nikamfungulia siri ya wakusanyaji: kwamba siku ya kurekodi upande wa kwanza, Machi 1959, mashine ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, hivyo dunia nzima iliusikiliza upande huo ukienda mbio kuliko walivyoupiga, na kosa lilirekebishwa mwaka 1992. Nakala yangu ni ya zamani, yaani ni ile yenye kosa, na ninajivunia.

"Kwa hiyo mzee hii ni mbovu," akasema, na macho yake yakapata matumaini ya gundi.

Kabla sijamjibu, Miles Davis akiwa katikati ya maneno yake ya tarumbeta, umeme ulikatika. Santuri ikaanza kuchoka. Tarumbeta ikashuka, ikashuka tena, ikawa tromboni, ikawa fahali, ikawa mlango wa ghala, ikanyamaza. Kijana alikuwa amefumba macho.

"Hapo sasa, mzee. Hapo ndipo nimeisikia hisia."

Nilimnyooshea mlango. Kwa ukarimu wake akanialika ukumbini, akisema kutakuwa na bendi ya jazi. Nilikwishaumwa na nyoka huyo. Mwaka jana nilitoa 30,000 katika hoteli moja ya ufukweni kwa ajili ya usiku wa jazi, nikamkuta mpiga saksofoni mmoja na flashi yake ya midundo, na dakika ile ile alipofumba macho ili aseme jambo la maana, mshereheshaji alichukua kipaza sauti na kumwomba mwenye gari jeupe aliyeziba njia akalisogeze. Gari jeupe, Dar es Salaam! Nusu ya wasikilizaji walitoka nje.

Mama watoto alimsindikiza kijana hadi getini, na maongezi yao yalikuwa marefu kuliko kwaheri ya kawaida. Tangu hapo nimezihesabu santuri zangu mara mbili.

Kwa hasira nililala bila kuinua mkono wa sindano. Saa nane usiku umeme ulirudi. Tarumbeta ikaanza kupanda kutoka kuzimu, kwanza kama mtu anayegugumia, kisha kama mtu anayelia, kisha Miles Davis mwenyewe akajaa nyumba nzima na vibaraza vya majirani watatu kila upande. Niliukurupukia mkono wa sindano gizani, nikajikwaa kwenye stuli, na nilipofika sebuleni tayari hodi ilikuwa ikipigwa. Nje walisimama akina mama wanne waliojitanda khanga, na mzee wa nyumba ya tatu akiwa ameshika kofia mkononi. Aliyetangulia alinipa pole, akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani.

Mama watoto, ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kuwaacha wageni wasimame, alikuwa amekwishabandika maji ya chai.