Uzamivu wa elimu hukwama pale ratiba inapoisha

Ukimuuliza mwanafunzi wa uzamivu, yaani shahada ya udaktari, katika elimu amefikia wapi, mara nyingi atakutajia kozi alizofaulu na zilizobaki. Sina ugomvi na alama zake. Ila kozi hazikuonyeshi nani atamaliza, kwa sababu hata wengi wasiomaliza uzamivu huzimaliza. Wengi ninaowajua walioishia njiani walikwama baada yake: mtihani wa jumla wameshaufanya, pongezi wameshapokea, na pendekezo la utafiti ni kurasa chache zisizosogea. Wamarekani wana herufi tatu za kumwita mtu wa namna hiyo, ABD, yaani aliyemaliza yote isipokuwa tasnifu, lile andiko refu la utafiti wake. Kuna wanaoziandika hadi kwenye wasifu wa kazi, kana kwamba ni shahada.

Mfumo haufanani kila mahali, hilo nalijua. Marekani mwanafunzi huanza na kozi, halafu mtihani wa jumla, halafu pendekezo, halafu tasnifu yenyewe. Uingereza anayefanya Ph.D. huenda akaingia kwenye utafiti tangu mwanzo, kisha katikati akapimwa kuona kama anastahili kuendelea. Halafu ipo Ed.D., shahada ya udaktari wa elimu, ambayo shule ya elimu ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1920, ndiyo ya kwanza kuitoa. Ililengwa kwa watu wa kazini: walimu, wakuu wa shule, wakaguzi, watunga mitaala. Karibu karne nzima baadaye Harvard hao hao wakaacha kupokea wanafunzi wapya wa Ed.D. na kuweka Ph.D. mahali pake. Ubishi wa ipi bora kati ya hizo mbili nauachia wenye muda wa kubishana. Zote mbili zina daraja lile lile bovu katikati.

Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, iliwahi kufuatilia wanafunzi wa Ph.D. katika vyuo kadhaa vya Marekani na Kanada, na ikakuta kwamba baada ya miaka 10 waliokuwa wamemaliza ni takriban asilimia 57. Watu hawa walichujwa kabla ya kupokelewa, na wengi wao walikuwa ndio vinara wa madarasa yao. Kwa hiyo ukisema waliobaki hawakuwa na akili ya kutosha, hesabu inakukataa.

Kwa upande wa elimu nina maelezo yangu. Wengi wetu tumetoka darasani. Tumeishi kwa kengele, maazimio ya kazi, mihula na tarehe za mitihani. Kozi za uzamivu zinatufaa kwa sababu zimepangwa vivyo hivyo: wiki hii soma hiki, Ijumaa wasilisha kile. Siku ratiba inapoondolewa, mwalimu aliyesimamia utaratibu wa shule nzima anajikuta hana anayemdai kazi. Msimamizi anamwambia, "Ukiwa tayari, niletee." Sentensi hiyo ina heshima ndani yake, na imepoteza watu wengi kuliko mtihani wowote. Mtu mwenye darasa la kufundisha, familia na vikao vya kila wiki hatakuwa tayari hata siku moja. Anachohitaji ni tarehe.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba pendekezo lianze muhula wa kwanza. Sisemi likamilike, nasema lianze. Insha ya kozi ya nadharia iandikwe juu ya nadharia unayofikiria kuitumia. Kazi ya kozi ya takwimu itumie aina ya data utakayoikusanya. Mapitio ya maandiko yajengwe insha kwa insha. Najua hoja ya upande wa pili: mwanafunzi mpya hajui bado anataka kutafiti nini, na kumbana mapema ni kumnyima nafasi ya kutanga na kugundua. Ina ukweli. Lakini swali hubadilika kwa kuandikwa. Likikaa kichwani tu miaka miwili, hutoka vile vile lilivyoingia: "ubora wa elimu", "nafasi ya teknolojia", "uongozi wa shule". Hayo ni majina ya makabati ya maktaba, huwezi kuyatafiti. Linganisha na hili: kwa nini walimu wapya wa hisabati huacha mbinu walizofundishwa chuoni mara wakishaanza kazi? Hapo unajua umtafute nani, umuulize nini, na lini utasema imetosha.

Tukija kwenye kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kutafiti watu bila kuwadhuru, hapo elimu ina mzigo wake peke yake, na wanafunzi wengi huugundua wakiwa wameshachelewa. Mara nyingi wanaotafitiwa ni watoto. Ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika, na mtoto mwenyewe lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali, tena awe huru kukataa hata kama mzazi ameshatia saini. Mara nyingi kuna kibali cha chuo, kisha cha mamlaka ya elimu, kisha cha mkuu wa shule, na kila mmoja wao ana maswali yake. Halafu kuna kalenda. Huwezi kuchunguza ufundishaji wakati wa likizo, na hakuna mkuu wa shule mwenye akili timamu atakayekufungulia mlango wiki ya mitihani. Kibali kikichelewa mwezi mmoja, kazi ya uwandani inaweza kurudi nyuma muhula mzima. Mwenzako wa idara ya historia anayesoma nyaraka za kale hana shida hiyo. Nyaraka hazina likizo.

Gumu zaidi ni kutafiti shule unayofanya kazi. Inavutia, kwa kuwa milango iko wazi na tatizo unalijua kwa undani. Lakini mkuu wa shule akigawa hojaji kwa walimu wake, nani atakayeandika kwamba uongozi ni mbovu? Mwalimu akimwomba mwanafunzi wake ashiriki, je, yule kijana anaona kweli kwamba anaweza kusema hapana kwa mtu atakayesahihisha mtihani wake? Sisemi utafiti wa namna hii usifanywe. Ed.D. imejengwa juu yake, na tangu mwaka 2007 mradi wa Carnegie Project on the Education Doctorate umekuwa ukivihimiza vyuo vikubali tasnifu zinazoanzia kwenye tatizo halisi la kazini. Nasema tu kwamba jibu la maswali hayo mawili liwe ndani ya pendekezo tangu rasimu ya kwanza: nani atakusanya data badala yako, majina yatafichwaje, na nini kitakulinda usisikie kile unachotaka kusikia. Ukiliacha hadi jopo likuulize, utarudishwa uanze upya, na watakuwa na haki.

Kuhusu msimamizi nitasema kwa kifupi ingawa najua nitawaudhi wengine. Watu huchagua jina. Profesa anayetajwa kila mahali, mwenye machapisho ya kujaza rafu. Mimi ningeuliza wanafunzi wake wa sasa swali moja: rasimu ikimfikia, hurudi baada ya muda gani, na ikirudi ina nini? Msimamizi asiye na jina kubwa anayekurudishia sura yako baada ya wiki tatu ikiwa na maswali pembeni ana faida kuliko mwenye jina anayekuandikia "endelea vizuri" baada ya miezi minne. Hilo la pili huonekana kama upole. Utalilipia siku ya mtahini wa nje.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya msemo kwamba uzamivu ni safari ya mtu binafsi. Kama chuo kinaweza kuweka tarehe ya mwisho ya kulipa ada, kinaweza kuweka tarehe ya kuwasilisha sura ya kwanza. Kinaweza kuwaweka wanafunzi walioanza pamoja katika vikundi vya kusomeana rasimu hata baada ya kozi kwisha, kwa kuwa ni wakati huo hasa hutawanyika na kila mmoja hudhani amebaki nyuma peke yake. Hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji mtu idarani ambaye kazi yake ni kujua nani hajaonekana tangu muhula uliopita, na kumpigia simu.

Siku ya kutetea tasnifu, inayoogopwa kuliko zote, naipa nafasi ndogo. Uholanzi hufanywa hadharani, na saa ikitimia mshika fimbo wa chuo huingia na kutangaza kwa Kilatini kwamba muda umefika, hata kama mtahiniwa yumo katikati ya sentensi. Uingereza kwa kawaida ni chumba kilichofungwa na watahini wawili. Kwa vyovyote vile, kazi iliyosomwa vizuri na msimamizi mkali haifiki hapo ili ikataliwe. Kinachofuata katika vyuo vingi ndicho cha kuangalia: marekebisho. Mtu ameshaitwa daktari na wenzake, kazini wameshamfanyia sherehe, na orodha ya marekebisho inakaa droo moja na kadi za pongezi. Katika vyuo hivyo shahada haitolewi mpaka yaingizwe na kuidhinishwa. Omba orodha hiyo kwa maandishi siku hiyo hiyo, na ukubaliane na msimamizi lini utairudisha kabla hujatoka nje ya jengo.