Elfu tatu kwa kompyuta ya baba

Leo asubuhi kaja mnunuzi wa skrepa na kigari chake na ile spika yake, tunanunua mabati, tunanunua mabetri, tunanunua mafriji mabovu, tokea saa moja watu chai hatujanywa. Mie sikuwa na neno naye, kila mtu na riziki yake. Ila mama kamwita. Kamtolea kompyuta ya marehemu baba kutoka stoo, jamaa kalinyanyua lile sanduku, kalitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, halafu kasema: "Elfu tatu. Na hicho kioo sikitaki, kizito tu."

Elfu tatu! Nikavaa shati vizuri, nikatoka na heshima zangu, nikamwambia bwana we, kitu hiki unachokitikisa kimeingia mtaa huu watu wamesimama barazani. Akanijibu, "Kaka, mie nanunua chuma, sinunui heshima."

Sasa nyie niambieni. Mwaka 1999, nje kidogo ya Chake, huku Pemba, nyumba yenye kompyuta ilikuwa ngapi? Baba kaweka pesa ya karafuu misimu miwili, bati linavuja na yeye kakaza, ami yetu akaileta kutoka Dubai mpaka Unguja, Unguja ikapanda meli mpaka bandari ya Mkoani, Mkoani ikapanda gari ya 603 mpaka Chake. Na kwenye gari kioo kikalipiwa nauli kikapewa siti ya dirishani. Mie mtoto wa miaka kumi na moja nikasimama njia nzima, nimeshika chuma cha juu kwa vidole viwili kwa sababu sikifikii. Baba kila tukipita kwenye shimo anauliza "haikuumia?" Hajaniuliza mie.

Ilipofika mama akaishonea nguo. Nguo tatu: ya kioo, ya sanduku, ya kibodi, zote za lesi. Sikukuu ikija kompyuta inavishwa mpya kabla yetu. Watoto wa jirani wakija wanapangwa juu ya jamvi, miguu imeoshwa, wanaangalia mtu anacheza karata peke yake. Hakuna kilichokuwa kinatokea jamani, karata nyekundu juu ya karata nyeusi basi, na watu wanarudi kwao wanasimulia. Paka naye alijua joto lilipo, akawa analala juu ya kioo mkia umening'inia mbele, unasoma ukizunguka mkia.

Halafu umeme. Wa zama zile sina haja ya kuwaelezea. Wa sasa wanaolalamika, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga wameukuta 2010, sisi tumelelewa na majenereta ya dizeli. Umeme ukienda, sawa, tumezoea. Kilichokuwa kinaniuma ni ukirudi. Unaiwasha, inakuja buluu, inakusomea Kiingereza kirefu kwamba kwa sababu hukuizima ipasavyo, disiki zako huenda zina makosa, na ukitaka usiione tena risala hii basi siku zote uizime kwa utaratibu. Mie! Mie ndio nimezima! Nchi nzima kiza, kitu kinaniandikia mie onyo kama karani.

Na hapo ndipo anapoingia sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu.

Sheha alisikia kuna mtoto anajua kupiga taipu. Nilikuwa napiga kwa kidole kimoja, lakini sifa Pemba haina breki. Akaja baada ya alasiri, kanzu, kofia, bakora, na miwani kaishika mkononi ili tuone kuwa anayo. Anataka barua kwa wananchi wote wenye mbuzi, maana mbuzi wanazurura ovyo na wameharibu mihogo ya raia. Raia mwenyewe ni yeye. Na mbuzi wenyewe ni wa Bibi. Si wote, lakini kama mbuzi kumi walionekana kwenye muhogo ule, saba walikuwa wanarudi kulala kwetu.

Bibi kakaa chini na tasbihi yake, kamkaribisha kahawa na haluwa, mpole kama hajawahi kufuga hata kuku.

Sheha kasoma skuli za zamani, barua kwake lazima ianze na "Dia Sa" ndio Kiswahili kifuate. Nikaandika Dia Sa kwa Kiingereza chake. Hapo hapo kikachomoza kile kibanio cha karatasi chenye macho cha programu ya kuandikia, mnakikumbuka, kikagonga kioo kwa ndani. Sheha akarudi nyuma na kiti.

"Nani huyu?"

"Anasema inaonekana unaandika barua, anauliza unataka msaada?"

"Kajuaje?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Akavaa miwani akamkazia macho, yule naye akamkazia, mwisho sheha akasema mwambie shukrani, tutamwita.

Tukaendelea. "Kuhusu mbuzi wanaozurura, nukta mbili." Nikaandika nukta mbili. Akainama, "Nukta mbili ziko wapi?" Nikamwonesha, hizo hapo Bwana Sheha, n-u-k-t-a. Akashusha pumzi kama gurudumu. Na kila neno ninaloliandika linapigwa mstari mwekundu chini, unajua vile programu za zama zile zilikuwa hazijui Kiswahili hata salamu. Mbuzi nyekundu. Mihogo nyekundu. Shehia nyekundu. Sheha akawa anatazama tu ile damu inavyoshuka.

"Hii inasahihisha?"

"Inasema hayo maneno haiyajui."

"Hata jina langu?"

"Hata lako Bwana Sheha."

Akanyamaza kidogo. "Imetoka wapi mashine hii?" Nikamwambia Dubai. "Aa. Ndio maana."

Basi tukafika kwenye faini. Elfu tano kila mbuzi atakayekamatwa. Bibi tasbihi ikasimama. Nikaona midomo inahesabu, na safari hii haikuwa subhanallah. Nimemaliza kuandika sifuri ya mwisho, pah, umeme ukaenda.

"Alhamdulillahi," akasema Bibi kizani.

Nilikuwa sijasevu. Baba alinifundisha kuwasha tu.

Mtu mwengine angekwenda zake, lakini sheha ni serikali, serikali haiondoki bila barua. Akasali magharibi kwetu. Bibi akawasha kandili, akamletea chai na mkate wa kumimina. Umeme ukarudi, buluu ikanisomea onyo langu, tukaanza upya, Dia Sa, kibanio kikagonga, sheha akakipungia mkono kama wanafahamiana. Tulipofika kwenye faini akatafuna kwanza, akasema andika elfu mbili, maisha magumu. Pah.

Baada ya ishaa Bibi akaleta pweza wa nazi. Nyie mmekula pweza wa Bibi? Hamkula, basi hamwezi kujua hali aliyokuwa nayo sheha. Umeme uliporudi ilikuwa karibu saa nne, mie nasinzia, sheha kafungua kifungo cha juu, na kifungu cha faini kikasomeka hivi: wenye mbuzi wanaombwa wazungumze na mbuzi wao.

Hii nikaisevu. Tena kwenye flopi, kile kidisiki cha kuchomeka, megabaiti moja nukta nne nne, barua inaingia na nafasi kubwa inabaki, maana printa hatukuwa nayo, ilikuwa apelekewe mtu wa Chake mwenye printa. Sheha akaitia mfukoni, akaondoka na bakora yake. Baada ya siku tatu akairudisha. Kaigeuza pande zote haoni maandishi, anauliza kama nimemdanganya.

Haya, na yote hayo ningesamehe. Lakini usiku ule ule alivyotoka tu, umeme ukaenda mara ya tatu, ukarudi kwa hasira, tukasikia mlio kama pilipili kwenye mafuta na harufu ikatoka nyuma ya sanduku. Stabilaiza ya kutuliza umeme ipo, mama alikuwa kaichomeka kwenye friji kwa sababu friji ina samaki. Nani alipigwa? Mama? Sheha? Mwenye jenereta? Fundi akaja kubadilisha pawa saplai baada ya miezi minne, na miezi minne yote baba akipita ukumbini ananitazama halafu anaitazama ile nguo ya lesi. Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inaungua naficha makalio.

Ndio nikamwambia jamaa wa skrepa, hii huwezi kuinunua elfu tatu, humu mna ngozi yangu. Kasema akifika kwenye mizani ngozi haizidishi kilo. Mama akasema mpe, stoo imejaa. Kioo kibaki, kwenye boksi lake kuku katamia mayai tisa.

Kaondoka na spika yake, mafriji mabovu, mafriji mabovu, mbuzi kamfuata nyuma anatafuna kipande cha kadibodi. Mama kanikabidhi zile zile elfu tatu, nikanunue ng'onda wa mchana. Nimefika sokoni nimemnyooshea mwenye ng'onda pesa ya kompyuta ya baba, kaiangalia, kaniangalia, kaniuliza:

"Elfu tatu? Unataka kichwa au mkia?"