Nani anapumzisha akili Nairobi?

Saa saba mchana katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, utawakuta watu wamevua viatu na kujilaza kwenye nyasi, gazeti limefunika uso. Hatua chache kutoka hapo mhubiri anapaza sauti, na chini ya mti mwingine wanaume wanabishana kuhusu siasa na bei ya unga. Kwa kipimo cha wataalamu wengi, hapa si mahali pa kutuliza akili. Lakini waliolala wamelala kwelikweli.

Wataalamu hao wana hoja nzito. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Madirisha ya 23 yalitazama miti, ya 23 wengine yalitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan nao walieleza kuwa umakini huchoka kwa kulazimishwa kutwa nzima, na hurejea pale macho yanapovutwa bila jitihada, kwa mfano na majani yanayotikisika au maji yanayotiririka.

Ukifuata hoja hiyo, Nairobi ina Karura, msitu wa hekta zipatazo 1,000. Zamani watu waliuogopa kwa ujambazi. Uzio ukajengwa, walinzi wakawekwa, kiingilio kikaanza kutozwa, na leo wanawake hukimbia humo peke yao asubuhi. Wanaotetea lango wanasema asiye salama hapumziki: anayegeuka nyuma kila baada ya hatua tatu hutoka msituni amechoka kuliko alivyoingia. Hoja hiyo siipuuzi hata kidogo.

Ila mfikirie mama wa watoto watatu anayekaa Kayole, mashariki mwa jiji. Apande matatu hadi mjini, apande nyingine hadi Karura, kisha alipe langoni, na nauli ya kurudi inamsubiri. Kodi ya nyumba na karo vinamkosesha usingizi, na utulivu huo umewekwa mbali naye. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 huko Philadelphia linamhusu yeye kuliko tafiti nyingine nyingi ninazozijua. Viwanja vilivyotelekezwa vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao ambao yeyote angeweza kuupita. Miongoni mwa majirani, waliosema wanajisikia wameshuka moyo walipungua kwa takriban asilimia 40. Palipozolewa takataka tu, hapakuonekana badiliko la namna hiyo. Hapakuhitajika msitu, na hakuna aliyelazimika kupanda gari.

Kwa hiyo nakubaliana na watetezi wa lango kuhusu usalama, ila si kuhusu bei. Walinzi, taa na vyoo safi vinaweza kulipiwa na kodi ya jiji. Na kuna jambo ambalo Jeevanjee inatoa na msitu hautoi: unakaa bila kununua soda, bila kuulizwa shida yako, na asiye na kazi anapata watu wa kumsikiliza. Kusikilizwa nako ni kupumzika. Vipaza sauti, hata hivyo, sivitetei. Vinampora aliyekuja kunyamaza, na vingeweza kupangiwa saa na kona yake.

Bustani hii ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga majengo juu yake, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, miaka miwili baada ya Wangari Maathai kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Mapambano hayo yaliokoa katikati ya jiji. Huko Eastlands, mitaa ya mashariki kama Kayole, viwanja vingi vya watoto kuchezea vimegeuka ghorofa za kupangisha. Bajeti ya kaunti ikisomwa, wawakilishi wa wadi waulizwe kwa majina ya mitaa: ni kiwanja kipi kilichobaki wazi, hati yake iko wapi, na ni shilingi ngapi zimetengwa za nyasi, benchi na mlinzi.